Maswali ya Wasomaji: Okidi ya Madoa Juu ya Mwembe

Mwezi huu bahasha na simu vimeniletea picha zinazofanana: fungu la vijiti vinene kwenye tawi, mizizi myeupe iliyosimama wima, na maua ya manjano yenye madoa ya kahawia. Ni okidi ya chui, Ansellia africana kwa jina la kitaalamu. Nimeona nizijibu barua zake pamoja, na mbili tatu za jamaa zake. Walioniuliza kuhusu nyanya wanisubiri toleo lijalo. Nyanya hazina haraka, msimu bado.

*Shikamoo Bibi. Kwenye mwembe wetu wa dodo hapa Pangani kuna kitu kimeota kama miwa midogo. Mwaka jana kilitoa maua mazuri sana. Mume wangu anasema ni kimelea, kinanyonya mti na ndiyo maana maembe yamepungua. Anataka kupanda akakifyeke kwa panga. Nimwache au nimzuie? — Mama wa Pangani*

Marahaba mwanangu. Mzuie, tena leo.

Okidi hii hainyonyi mti. Inaukalia tu. Mizizi yake inashika gome kwa nje, haitoboi kwenda kwenye utomvu, na ukiibandua polepole utaliona gome chini yake ni zima, halina jeraha. Chakula chake inakichuma penginepo. Itazame picha yako ya pili, ile uliyopiga kwa karibu. Ile mizizi myembamba iliyochongoka na kuelekea juu haijasimama hivyo kwa bahati mbaya. Imesukwa ikawa tenga. Ndani yake nimeona majani makavu ya mwembe, kijiti, na kitu ambacho nadhani ni kinyesi cha ndege. Hayo yote yanaoza mle taratibu, mvua ikinyesha yanatoa rojo, nayo inakunywa. Mizizi hiyo imevaa gamba jeupe kama sifongo. Mwagia maji kidogo uone: muda si mrefu weupe unageuka ukijani, maana gamba limelowa na rangi ya ndani imejitokeza.

Lakini baba watoto asirudishe panga ndani. Kwenye picha ile ile, kona ya juu kushoto, kuna kichaka cha majani manene yasiyofanana na ya mwembe, yenye vitunda vidogo vyekundu. Huyo ndiye mwizi. Ndege hula kitunda, mbegu yake inanata, anaifuta mdomo kwenye tawi, inaota hapo na kuzamisha mzizi ndani ya mti wenyewe. Akate tawi hilo, si majani tu, ashuke kama urefu wa mkono chini ya pale kilipoota, la sivyo kitachipua tena.

Na maembe kupungua? Mwembe una mwaka wa kuzaa na mwaka wa kupumzika, hasa hiyo miti ya zamani. Kama wakati wa maua mlipata mawingu na umande mwingi, yatazame maua kama yana unga mweupe. Huo ni ukungu, unapukutisha maua kabla hayajawa chochote. Okidi isingiziwe.

Jambo moja namuunga mkono mumeo: kama tawi lililobeba fungu hilo limeoza, lisikae juu ya paa au juu ya mahali wanapocheza watoto. Fungu kubwa likilowa ni zito.

*Bibi, salamu kutoka Kilifi. Jirani alikata mkwaju ili ajenge, nikaokota okidi kubwa iliyokuwa juu yake. Nimeipanda kwenye ndoo, nikatia udongo mweusi mzuri na samadi ya mbuzi, namwagilia asubuhi na jioni. Sasa vijiti vinakuwa vyeusi kuanzia chini na vinanuka. Nifanye nini? — Kijana wa Kilifi*

Kijana wangu, umeilea kama mchicha. Moyo wako ni mzuri, ila unaizamisha.

Huu ni mmea wa joto na mvua, kweli, lakini ni mvua inayopita. Inanyesha, mizizi inalowa hadi ndani, halafu upepo unaikausha kabla jua halijapanda sana. Juu ya mkwaju hapakuwa na udongo, na mizizi ilizoea hewa pande zote. Ndani ya ndoo yako haina hewa, ina samadi, ina maji yaliyotuama, basi inaoza. Weusi wenye harufu ni uozo, wala usitafute dawa ya dukani kwanza.

Itoe leo hii. Suuza udongo wote kwa maji safi. Chukua kisu kikali, kipitishe kwenye moto, kisha kata kila kilichokuwa cheusi na laini mpaka ufike kwenye nyama ngumu yenye rangi safi. Mizizi iliyo mitupu ndani, ile ambayo ukiivuta ganda linavuka na kubaki uzi, iondoe pia. Vidonda vipake majivu makavu au unga wa mkaa. Halafu iache, nasisitiza iache, kivulini penye upepo ikauke siku kadhaa bila tone la maji. Utaogopa. Vile vijiti ni maghala, vimejaa maji na wanga, havitakufa kwa kiu mara moja.

Kama fungu limegawanyika, usilivunje vipande vidogo vidogo ili uwagawie marafiki. Kila kipande kibaki na vijiti vitatu au zaidi, na angalau kimoja kiwe cha karibuni chenye jicho linalotaka kuchipua. Vijiti vya zamani visivyo na majani usivitupe. Vinalisha vipya.

Sasa iweke wapi. Mimi ningeirudisha mtini, maana ndiko ilikotoka. Kitalu changu kipo Muheza nyuma ya nyumba, na okidi zangu nyingi zimo juu ya mfenesi na mwembe, si kwenye vyungu. Tafuta mti wenye gome la kukwaruza lisilobanduka. Mwembe unafaa, mkwaju mwingine unafaa. Porini utaikuta hata juu ya mbuyu na mkoche. Mpera usiuguse, wala mkaratusi. Magome yake huambuka, na okidi yako itaambuka nayo. Chagua panda ya tawi inayopata jua la asubuhi na kivuli cha majani mchana. Weka kipande cha makumbi ya nazi chini yake, funga fungu kwa kamba ya katani, kaza lisitikisike hata kidogo, maana kila ncha ya mzizi mpya ikisuguliwa inakufa. Katani itakuja kuoza yenyewe, na kufikia hapo mizizi itakuwa imeshika. Waya usitumie.

Kama huna mti, tumia chungu kilichotobolewa pembeni na chini, au kikapu cha mbao. Jaza vipande vya mkaa na vya makumbi, vikubwa, ukubwa wa kiberiti hivi. Makumbi yaloweke kwanza na ubadilishe maji mara kadhaa, kwa sababu yana chumvi, hasa huko kwenu pwani. Udongo hata chembe usitie.

Maji: mvua zikiwepo, mwachie Mungu. Zikikatika na vijiti vipya bado vinakua, mwagilia asubuhi pale unapoona mizizi imerudi kuwa myeupe kabisa. Vikishakomaa, na kiangazi kimekaza, punguza sana. Hapa ndipo wengi wanapoingiwa na huruma. Wanaona kijiti kimenywea kidogo, wanakimbilia ndoo. Kiu hiyo ndiyo inayoiambia okidi kwamba wakati wa maua unakuja. Ukiinywesha mwaka mzima utapata majani, na majani, na majani.

Mbolea ukitaka, NPK ya kuyeyusha, robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, tena wakati wa kukua tu. Samadi ya mbuzi mpelekee mama sukuma wiki zake.

Majani yenyewe yatakwambia kuhusu jua. Kijani kizito na laini, yanalala: giza limezidi. Kijani kinachovuta manjano na yamesimama: hapo hapo. Mabaka meupe au yaliyoungua: isogeze.

*Bi, nimenunua okidi ya maua ya zambarau kwenye supamaketi hapa Dar. Maua yameanguka yote, nimebaki na majani matatu. Imekufa? — Msomaji wa Mbezi*

Haijakufa, imemaliza. Hiyo ni Phalaenopsis, asili yake Asia, na ile uliyonunua karibu hakika ni chotara wa kitalu. Itoe kwenye lile kopo la urembo lisilo na tundu, iweke karibu na dirisha lisilo na jua kali, na maji yasikae kwenye kitovu cha majani. Haina vijiti vya kuhifadhi maji, kwa hiyo yale maneno ya kiu niliyomwandikia kijana wa Kilifi hayakuhusu.

*Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kilimo Morogoro. Nilipata tunda la okidi ya chui lililokauka, nikalipasua, likatoa unga wa manjano mwingi ajabu. Nimeupanda kwenye trei ya udongo wa kitalu, nimeusubiri, hakuna kilichoota. Kosa liko wapi? — Mwanafunzi*

Marahaba. Ule unga ndizo mbegu, na kosa si la mikono yako. Mbegu ya hindi ina kiini na akiba ya chakula cha kumtosha mche mpaka atoe majani. Mbegu ya okidi haina akiba. Ni kiini kidogo sana ndani ya ngozi nyembamba iliyojaa hewa, imeumbwa ipeperuke. Mama yake ameweka nguvu zake kwenye wingi, akatawanya maelfu kwa maelfu upepo uzichukue, na karibu zote zinapotea.

Inayobahatika inatua kwenye gome lenye aina fulani ya kuvu. Uzi wa kuvu unaingia ndani ya mbegu, na badala ya mbegu kuliwa, yenyewe ndiyo inayomla mgeni: inachukua sukari kutoka kwake mpaka itakapopata majani. Mfaransa Noël Bernard ndiye aliyeligundua hilo mwaka 1899, alipokuta miche michanga ya okidi ya msituni ikiwa imejaa nyuzi za kuvu. Kabla ya hapo wakulima matajiri wa Ulaya walikuwa wanamwaga mbegu kwenye kila kitu wakiomba dua. Mwaka 1922 Mmarekani Lewis Knudson akaonyesha njia ya mkato: mpe mche mchanga sukari mwenyewe. Alitia mbegu kwenye chupa safi zenye rojo la agari (unga wa mwani unaogandisha maji), madini na sukari, bila kuvu yoyote, zikaota. Maabara za okidi duniani bado zinafuata njia hiyo.

Sasa wewe uko chuoni, una bahati nisiyokuwa nayo. Kaulize maabara inayozalisha miche ya migomba kwa chupa. Vyombo ni vile vile: sufuria ya mvuke, kabati la hewa safi, chupa, agari. Chukua tunda lililokomaa ambalo bado halijapasuka, maana ngozi yake kwa nje unaweza kuiosha kwa dawa ya kuua vijidudu huku mbegu ndani zikiwa safi. Mbegu zilizomwagika, kama zako, zina kila aina ya ukungu wa hewani, na ukungu unapenda sukari kuliko mbegu inavyoipenda. Tunda lako la pili usilipasue nyumbani. Na ujiandae: kutoka chupani hadi ua la kwanza ni miaka, si muhula.

Nakutamania kwa kweli. Vijana wawili watatu wenye chupa Morogoro wangeweza kufanya biashara ya okidi za porini ikose maana. Soma barua ya Handeni hapa chini.

*Assalaam alaykum Bibi. Mimi ni mzaliwa wa Unguja, naishi Muscat. Marehemu mama alikuwa na okidi hii kwenye mti uani. Ndugu yangu anakuja mwezi ujao. Nataka anifungie kipande kwenye gazeti ndani ya sanduku. Itaishi huku? — Binti wa Unguja*

Wa alaykumu salaam binti yangu, na Mungu amrehemu mama.

Usimtie ndugu yako matatani. Okidi zote za porini zimo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama wa porini, ule uliosainiwa Washington mwaka 1973, na hii yetu imo kwenye Kiambatisho cha Pili. Maana yake haikukatazwa kabisa kuuzwa nje, ila haivuki mpaka bila kibali cha nchi inakotoka, na juu yake cheti cha afya ya mmea. Kipande ndani ya gazeti hakina kimoja wala kingine. Kitachukuliwa uwanjani na kutupwa, na yeye atakaa akijieleza.

Kuna mlango mmoja halali ambao watu hawaujui: miche iliyooteshwa maabara na kusafirishwa ikiwa bado ndani ya chupa yake iliyofungwa imesamehewa kibali cha CITES kwa mimea ya kiambatisho hicho. Cheti cha afya ulizia huko huko kwenu kabla ya kununua. Chupa ndogo yenye miche kumi si kumbukumbu ya mama yako, najua, lakini ni mmea ule ule.

Kuishi itaishi kwa masharti. Joto lenyewe haliogopi, ukavu wa kiangazi cha Muscat ndio tatizo. Hewa ile itainyonya kabla wewe hujaamka. Iweke kwenye baraza yenye kivuli cha wavu, karibu na mimea mingine, lowesha sakafu asubuhi na jioni, na isikae mbele ya kiyoyozi. Ungekuwa Salalah ningekwambia maneno mengine. Miezi ya khareef, Juni mpaka Septemba, ukungu na manyunyu ya huko yangeifanyia kazi nusu.

*Bibi, kuna mtu anapita vijijini huku Handeni ananunua okidi kwa gunia. Vijana wanakwenda msituni wanaangusha hata mti mzima wapate fungu moja. Anasema wanafanyia dawa na mapambo. Je, si ni majani tu ya porini? — Mwenyekiti wa kitongoji*

Mwenyekiti, nakushukuru kwa kuandika. Si majani tu. IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile, limeiorodhesha okidi hii kuwa hatarini, na sababu ni hiyo hiyo unayoiona: kuchumwa na kukatiwa miti. Imeenea kutoka Afrika Magharibi hadi Kenya na kushuka hadi Afrika Kusini, kwa hiyo mtu anadhani haitaisha. Lakini hesabu ya mbegu niliyomweleza mwanafunzi ndiyo hesabu ya msitu wako. Fungu kubwa lililo juu ya mti ni mzee wa miaka mingi. Ukimtia guniani hakuna mtoto aliye tayari kukaa pale, na mti ambao mtoto angeshika gome lake umeangushwa pia.

Wachumaji hawa si wapya. Mzungu John Ansell aliichukua kisiwani Fernando Po, leo Bioko, katika msafara wa Mto Niger wa 1841, na mwaka 1844 John Lindley akaipa mmea jina la Ansell. Sisi wa Tanga tunayajua mambo haya. Mwaka 1892 baron mmoja wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliokota ua dogo la zambarau, lile Wazungu wanaloliita African violet, huku kwetu na kumpelekea baba yake Ujerumani. Leo ua hilo linauzwa kwenye vyungu Ulaya na Marekani kwa mamilioni, na wengi wa Muheza hawajawahi kuliona. Na upande wa nyanda za juu kusini, viazi vya okidi za ardhini vimechimbwa kwa magunia kupelekwa Zambia kutengenezewa chikanda, kile chakula chao wanachokikata vipande na kula kama nyama. Hizo ni okidi za baridi, si hii, ila gunia ni lile lile.

Cha kufanya: mwulize mnunuzi kibali chake mbele ya watu. Ndani ya msitu wa hifadhi hana ruhusa ya kuchuma bila kibali, na vijana wako nao hawana. Akikuonyesha karatasi, ipeleke kwa ofisa misitu wa wilaya aisome yeye. Kama kuna miti inakatwa kihalali kwa ajili ya mashamba au barabara, hapo ndipo vijana wanaweza kukusanya zilizoanguka na kuzifunga kwenye miembe ya kijiji. Nitakuja kuwafundisha kufunga, nauli yangu ni ya basi tu.

*Bi, pembeni ya mikoko huku Kwale kuna mmea unatambaa juu ya vichaka, kamba nene ya kijani haina jani hata moja. Juzi asubuhi nimeona ua jeupe kubwa, ndani rangi ya waridi, linanukia. Mzee mmoja ananiambia ni vanila na kwamba nitatajirika. Kweli? — Msomaji wa Kwale*

Nusu kweli. Ni vanila, nayo ni okidi pia, lakini ni vanila ya porini ya pwani yetu, Vanilla roscheri. Majani yake yamesinyaa hadi kuwa magamba tu, na kazi ya majani inafanywa na hiyo kamba ya kijani. Vanila ya biashara ni nyingine, Vanilla planifolia, yenye majani manene, asili yake misitu ya joto ya Mexico na Amerika ya Kati. Ilikaa nje ya kwao bila kuzaa kwa maana mpaka mwaka 1841, pale Edmond Albius, kijana mtumwa wa miaka 12 kisiwani Réunion, alipobuni kuchavusha ua kwa kijiti na kidole gumba. Mpaka leo ndivyo inavyofanywa, ua moja moja, asubuhi, kwa sababu mchana limeshafunga.

Kwa hiyo hiyo ya kwako usiikate ukaipeleke sokoni. Soko halina bei yake. Iache ilipo, na mwambie mzee asiitie moto akisafisha shamba. Kama unataka pesa ya vanila kweli, nunua vipando vya planifolia vya urefu wa mita moja hivi kutoka kwa mkulima mwenye mashina mazima, maana ugonjwa wa kuoza mizizi unasafiri na kipando. Panda chini ya mti wa kivuli mwepesi, lundika majani makavu shinani, na usitegemee ua kabla ya mwaka wa tatu. Ganda likishika lipe miezi minane hadi tisa mtini. Halafu kuna kulichemsha kidogo, kulifunika litoe jasho, kulianika na kulihifadhi kwa miezi. Hayo niandikie tena ukishapata ganda.